Walikubali Goti, Wakakataa Mgongo

Jumatatu tulimzika mwanajeshi wa zamani wa mtaa wa Tshopo, yule aliyetembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano chini. Wasomaji wangu wengi walipishana naye sokoni bila kujua kilichomwinamisha. Mimi nilijua, kwa sababu ndimi niliyemwandikia barua zake za kuomba atambuliwe kuwa mlemavu wa vita. Siku waasi walipoingia mjini, kikosi chake kilirudi nyuma kuelekea daraja la mto Tshopo, na sajenti wake akapigwa risasi. Yeye akambeba sajenti mgongoni. Wakaanguka pamoja mtaroni, goti likapasuka, kiuno kikalia kama kuni kavu, akainuka naye tena, akaendelea. Sajenti alifariki kesho yake, akaenda na ushahidi wote.

Barua ya kwanza niliiandika kwa Kifaransa cha kujivunia. Nilisifu uhuru, taifa na damu ya mashujaa, nikasahau kutaja mtaro. Jibu la ofisi ya wanajeshi wa zamani lilisema maumivu yale yametokana na umri na jembe. Umri gani? Hakuwa amefika arobaini. Jirani akamshauri aseme alipigwa na kipande cha bomu. Alikataa. "Mwalimu," aliniambia, "mugongo iko inauma kweli, donc, basi, nitadanganya ya nini? Andika tu vile ilikuwa."

Tukakata rufaa, wakataka shahidi. Hapo akajitokeza fundi baiskeli wa mtaa wa Kabondo, mtu asiyezungumzia maisha yake ya nyuma. Nilikaa nyuma yake ofisini, nikaona shati lake likilowa jasho. "Mi niliona," alimwambia ofisa. "Nilikuwa upande wa waasi. Nilikuwa na bunduki, nilikuwa tayari kumupiga. Nikaona mutu anabeba mwenzake, mukono ikakataa." Siku zile neno kama hilo lingeweza kumpeleka mtu gerezani. Ofisa aliweka kalamu chini, akamtazama, kisha akaichukua tena, akaandika. Rafiki yangu mwanajeshi, aliyekaa kando yangu, alilia bila kujifuta machozi. "Asante, ndugu," alimwambia fundi.

Miezi ikapita. Wakalikubali goti. Mgongo wakaukataa, kwa kuwa daktari aliyelifunga goti siku ile ya mapigano hakuuona. Tulikuwa tunaandaa rufaa nyingine rafiki yangu alipoacha kuamka kitandani, halafu kula, halafu kusema.

Tangu Jumatatu najiuliza ingekuwaje kama barua ile ya kwanza ingetaja mtaro. Huenda wangekataa vilevile; sina njia ya kujua, na hilo ndilo linaloniuma. Nchi yetu changa imejaa watu walioumia mahali pasipo daktari wala karatasi, na sisi tuliosoma hupenda kuwapamba kwa maneno makubwa badala ya kuwasikiliza. Aliye na mtu wa namna hii nyumbani amwulize leo aliumia wapi, lini, na nani alikuwepo. Kisha aandike hayo tu, kama yalivyosemwa.