Jiwe la Katekista wa Nchi Kavu

Nimewahi kupiga vigelegele vya kijinga maishani mwangu, lakini vya siku kumi zilizopita vimevunja rekodi. Kitambaa kilipovutwa kwenye lile jiwe jipya kigangoni, mimi ndiye niliyeanza, tena kwa ulimi wote, hata padri akageuka kuangalia ni nani. Nilikuwa sijasoma kilichoandikwa. Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani Ifakara, juu ya friji, na nikaona aibu kumwomba mtu anisomee. Nilipomaliza kushangilia ndipo binti aliyesimama karibu yangu akasoma kwa sauti: jiwe hili ni kumbukumbu ya katekista mzee aliyeacha kwao milimani, akaja kuwahudumia watu wa kisiwa hiki, akiwatembelea wagonjwa kwa mtumbwi na kubatiza watoto wakati wa mafuriko. Halafu jina la babu yangu. Basi.

Kwa mtumbwi! Babu! Mwenzangu, babu yangu alikuwa anaogopa maji hata ya kwenye beseni.

Ngoja nikueleze vizuri, maana hasira zikinipanda huwa naanzia katikati. Ukishavuka mto pale Kivukoni, siku hizi kwa daraja, zamani kwa pantoni, unaingia mbugani, na katikati ya mbuga kuna mwinuko wa ardhi. Kiangazi unaufikia kwa miguu, wala huoni ajabu yoyote. Masika mto ukifurika, maji yanauzunguka pande zote kwa miezi mitatu, minne, na watu wake wanabaki na samaki wao, mpunga wao na Mungu wao. Ndiyo maana kila mtu anapaita Kisiwani. Parokia ilitafuta katekista wa kwenda kuishi huko, vijana wote wakapata mafua ya ghafla. Babu na bibi walikuwa wamemaliza kulea watoto wao huko upande wa Mahenge. Walistahili kukaa, waote moto, wale viazi. Wakasema, twende sisi. Wakashuka milimani wazee wawili, mbuzi mmoja na sanduku la vitabu. Mwaka uliofuata mama yangu, kitinda mimba wao, akafariki, nami nikaletwa kwao nikiwa na miaka saba.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu kwa kawaida ni kutoka kochini hadi jikoni. Lakini kuna harufu moja inayoweza kunitoa hata kitandani: wali wa mpunga mpya na kambale wa kubanikwa, moshi wa kuni mbichi ukiwasha macho. Huo ndio ulikuwa mlo wetu. Asubuhi babu aligonga kipande cha reli kilicholetwa kutoka Mlimba, kikiwa kimening'inizwa kwa mnyororo, na sauti yake ilitembea juu ya maji mpaka unasikia mbwa wa ng'ambo wakijibu. Baada ya sala sisi watoto tulipanda kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu shambani, kuamia ndege. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka, na ndege wakala mpunga wakitutazama.

Babu alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, na Jumapili aliongoza ibada mpaka wanawake wakalia. Lakini mtumbwi aliuogopa, wala hakuona haya kusema. "Mimi ni katekista wa nchi kavu," alikuwa akisema, halafu anamwonyesha bibi kwa kidevu. "Wa majini ni huyo."

Na kweli ilikuwa ni huyo. Bibi, mtoto wa milimani, nywele tayari nyeupe, alijifunza kupiga pondo kwa majirani zetu Wandamba. Walimcheka wiki nzima. "Bibi, huo ni mtumbwi, si kinu! Usiutwange!" Akawajibu, "Nichekeni leo, kesho mtanipungia mkono mkiumwa." Kabla masika haijaisha alikuwa anausukuma ule mti mrefu kama amezaliwa nao, akizunguka nyumba zilizobaki kwenye vichuguu na madungu, akipeleka uji, dawa, sala na umbea. Mimi nilikaa katikati ya mtumbwi nimepakata kikapu: chupa ya maji safi, kitambaa cheupe, mshumaa. Kazi yangu ilikuwa kutotikisika.

Kuna siku tulimkuta mwanamke amejifungulia kwenye dungu, kwa sababu nyumba yake ilikuwa imejaa maji hadi kitandani. Mtoto alikuwa na rangi ya jivu, halii, anakwaruza tu kooni. Bibi alimfyonza puani, akatema, akamsugua mgongo kwa kanga, akamfyonza tena. Kisha akanyoosha mkono kwangu, nikampa chupa. Katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, Kanisa linaruhusu, na bibi alilijua hilo kuliko mnavyolijua ninyi. Akauliza, "Anaitwa nani?" Mama wa mtoto akasema hawajamchagulia bado. Bibi akamtafutia jina hapohapo, akamwaga maji, Baba, Mwana, Roho Mtakatifu. Akamwambia yule mama, "Kama anakwenda, aende na jina lake. Akipona mtambadilishia mkitaka." Akapona. Hawakumbadilishia.

Hivyo ndivyo alivyofanya masika baada ya masika. Maji yakishuka padri alikuja kwa pikipiki, ametapakaa tope, anakaribishwa kiti cha pekee chenye mgongo, daftari la ubatizo mapajani. "Haya Katekista, watoto wangapi?" Babu anaonyesha jikoni kwa kidevu. Bibi anatoka na mikono iliyojaa manyoya ya bata wa padri huyohuyo, anasimama mlangoni na kutaja kwa kichwa: jina la mtoto, baba, mama, ni siku gani, alikuwa anaumwa nini. Hakosei hata mmoja. Padri anaandika. Akifika pale pa aliyebatiza, anaandika jina la babu. Kila mstari. Nilikuwa nimeshajua kusoma, nikamfuata bibi jikoni kumshitakia. Hakugeuka. "Mungu hasomi daftari," akasema. "Niletee chumvi."

Na mimi, mjinga, nikaleta chumvi. Ndicho kinachonichoma mpaka leo. Nililiamini lile neno, nikaliona tamu, nimelisimulia kwa watu misibani kama hekima ya bibi yangu. Mungu hasomi, sawa. Kamati je? Kamati ilikwenda moja kwa moja kwenye daftari!

Siku ile ya jiwe nilimfuata mwenyekiti wa kamati nikiwa na sahani ya pilau mkononi.

"Mwenyekiti, nani amekwambia babu yangu alipanda mtumbwi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani?"

"Daftari la parokia, mama. Jina lake mwanzo mpaka mwisho."

"Aliyebatiza ni bibi yangu. Nilikuwemo mtumbwini."

"Ni sawa, mama, lakini mke wa katekista si ndiye msaidizi wake?"

"Msaidizi! Msaidizi gani anafanya kazi mwenye kazi amelala?"

Watu waligeuka. Padri akagundua ana kiu, akaenda upande wa soda. Mwenyekiti, kijana mstaarabu kwa kweli, akainua mikono. "Basi mama yangu, yaishe. Fundi anarudi baada ya wiki mbili kumalizia sakafu, kabla mvua hazijafunga njia. Atachonga mstari mmoja hapo chini." Akatoa simu aandike. "Nipe jina."

"Bibi Katekista."

"Jina, mama. La ubatizo na la ukoo."

Nikaweka sahani chini. Pilau ikapoa.

Kisiwani kote aliitwa Bibi Katekista. Babu alimwita Mama Watoto. Mimi nilimwita Bibi. Amewapa majina watoto wa watu mpaka hawahesabiki, na mimi niliyekula mkononi mwake miaka minne sikuwahi kuuliza la kwake. Nilikwenda kutafuta kaburi. Msalaba ulikuwa wa mti, mafuriko yaliuchukua zamani, na pale ninapodhani alilala pana mpunga wa mtu. Madungu hakuna tena upande ule, kipande cha reli kimeuzwa chuma chakavu, kigango kina bati jipya jekundu. Kila kitu cha babu kimebaki kwenye jiwe, hata ambacho hakikuwa chake.

Tangu nirudi nimekuwa nikifoka kwa jirani yangu, mama mwenye duka la kanga, mtu wa asili ya pwani asiyejua kupindisha maneno. Nimewafokea kamati mbele yake, na yule padri wa zamani, na babu mwenyewe, aliyekuwa na kidevu cha kumwonyesha bibi lakini hakuwa na mdomo wa kumtaja. Nimemweleza pia kwamba parokia babu na bibi walikofungia ndoa, upande wa Mahenge, bado ipo, na kwamba mdogo wake bibi wa mwisho anasemekana yu hai, haoni lakini akili timamu. Ila magoti yangu haya. Na kuku nani atawalisha, na mpunga wangu bado uko juani. Siku nne zimebaki fundi arudi. Jana jirani alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa anakunja doti zake, halafu akasema:

"Jirani, hao kamati waache. Siku ya tisa leo unafoka hapa dukani kwangu, na gari la Mahenge linapita mbele ya mlango wako kila asubuhi, hujalipanda ukamuulize huyo bibi kipofu dada yake aliitwa nani. Mvivu ni wewe."