Mtoto wa Kiume Kwenye Benchi la Wajawazito

Katika mtaa wetu wa Buyenzi, miaka ile ya vita, tumbo la mtoto lilikuwa na ugonjwa mmoja tu: nyoka. Kirundi hutumia neno moja, inzoka, kwa nyoka wa porini na kwa minyoo ya tumboni, nasi tulilihamisha hivyo hivyo katika Kiswahili chetu. Mtoto akiharisha, nyoka. Akikataa chakula, nyoka. Akipiga kelele shuleni, nyoka pia, ila hao walitibiwa kwa fimbo.

Mwanangu wa pili, aliyekuwa darasa la nne, alianza kuumwa mvua za kwanza ziliponyesha. Maumivu yalimkamata upande wa kulia, chini ya kitovu, hasa baada ya kula, kwa hiyo akajifunza kutokula. Alikunywa dawa za minyoo mara nyingi hata nikaona haya kurudi kwa mwuzaji. Alikunywa dawa za amiba. Mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu baada ya mtaa wake kuharibika, alimchemshia majani ya umubirizi, machungu kiasi kwamba hata aliyekuwa akiyachemsha alikunja uso. Nyoka hawakutoka. Aliyetoka alikuwa mtoto mwenyewe, kidogo kidogo, ndani ya nguo zake.

Nilikuwa fundi wa mizani katika mtaa wa viwanda, karibu na bandari. Kila Jumamosi nilimpandisha mtoto kwenye mizani ya magunia ya kahawa. Sindano ilikuwa inarudi nyuma. Niliifungua mizani, nikaisafisha, nikaisawazisha, nikampima tena. Mizani ilikuwa sawa.

"Mutoto si kahawa," mke wangu aliniambia. "Ukimupima sana, ataongezeka?"

Nilikuwa pia na kitabu kinene cha magonjwa, cha Kifaransa, nilichonunua sokoni kikiwa kimepoteza jalada na kurasa za mwisho. Kiliishia katikati ya herufi P. Nilikuwa nimekisoma chote kwa mpangilio, kuanzia A, na majirani walikuja kuniuliza mambo. Mmoja alitaka kujua mtu akipata ugonjwa wa herufi T afanye nini.

"Aende hospitali," mke wangu akajibu kwa niaba yangu. "Huyu muganga wetu anatibu mpaka P."

Nasi tulikwenda hospitali. Daktari wa upasuaji alimbonyeza mtoto upande wa kulia, akahisi uvimbe, akasema huenda ni kidole tumbo kilichoharibika polepole. Alikuwa mtu mkweli. Alisema ikiwa ni hivyo lazima ampasue, na wakati huo huo akasema mtoto amekonda mno, hana hakika kama mwili wake utastahimili kisu. Alimwekea kitanda kwa wiki iliyofuata, lakini kwanza akatutuma kwenye kliniki moja ya mtaa wa Rohero, kwa daktari wa watoto mwenye mashine ya ekografi, ile inayopiga picha za ndani ya tumbo. Picha ndiyo ingeamua. Mke wangu hakusema neno njia nzima ya kurudi nyumbani, na mimi, ambaye kwa miaka nilikuwa nikimwomba anyamaze kidogo, nilitamani aseme chochote.

Tatizo likawa neno ekografi. Mtaani kwetu lilikuwa neno la wajawazito, basi. Jirani yangu, fundi wa magari, alitoka chini ya gari aliposikia.

"Kumbe! Kijana wako iko na mimba? Hii vita imeharibu kila kitu."

Kliniki ilitupa maagizo mawili: mtoto aje bila kula, na sisi tuje na uji. Ilikuwa miaka ya embargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka na bidhaa hazikuingia. Ule ute unaopakwa tumboni ili mashine ipate kuona haukufika tena mjini, na kliniki ilitumia badala yake uji wa unga wa muhogo, mzito, uliopoa. Kila mgonjwa alileta wake. Jambo lenyewe niliona lina mantiki, nikalifikisha nyumbani kwa maneno machache kama kawaida yangu: asubuhi tunahitaji uji mzito. Mama mkwe akasema atashughulika yeye.

Tulipofika, mimi, mke wangu, mama mkwe na mtoto, benchi la kliniki lilikuwa limejaa wanawake wenye matumbo makubwa, kila mmoja na kopo lake mapajani. Wao walikuwa wameambiwa wanywe maji mengi. Mwanangu alikuwa amefunga kama mtu wa Ramadhani. Walisogea, akakaa katikati yao.

"We mutoto, iko na miezi ngapi?" mmoja akamwuliza.

"Mi nangoja mapacha," mwanangu akajibu.

Benchi zima lilicheka, na wale waliokunywa maji mengi wakaomba radhi kwa kulazimika kukimbilia choo cha nyuma. Nilimtazama mwanangu. Miezi ilikuwa imepita bila mimi kumsikia akitania.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimlaza mtoto, akafungua kopo letu, akasita. Akanusa.

"Nani alipika huu?"

"Mimi," mama mkwe akasema.

"Iko na sukari?"

"Na maziwa. Na karanga. Mutoto ni mugonjwa, nimupikie maji ya kuosha sahani?"

Sukari ile, katika embargo ile, alikuwa ameificha kwa ajili ya Idi. Kosa lilikuwa langu: sikuwa nimemwambia kwamba uji ni wa kupaka, si wa kula. Daktari alichovya kijiko, akaonja, akafunga macho.

"Mashine yangu haijawahi kupikiwa hivi," akasema. "Lakini ikizoea, nitailisha nini kesho?"

Nilitoka nje, na mama aliyekaa mwanzo wa benchi akatupatia nusu ya uji wake wa muhogo mtupu. Wetu ulizunguka benchini kwa kikombe kimoja, na sikusikia malalamiko.

Daktari akampaka mtoto, akaanza kupitisha kile kifaa cha mkononi tumboni, akibonyeza taratibu. Mama mkwe alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo.

"Dokta, nionyeshe nyoka."

"Nyoka wakiwepo, mara nyingi wanaonekana, bibi. Kama reli mbili zinatembea pamoja. Mi siwaoni."

"Na ile nene inajikunja pale?"

"Ile njo utumbo wake."

"Utumbo munene hivyo kwa mutoto mwembamba hivi?"

Daktari aliacha kutabasamu. "Bibi," akasema, "hilo njo swali."

Alirudi mahali pale pale, upande wa kulia, akabonyeza tena, akaniita nione. Kidole tumbo alikipata: kidogo, safi, hakina kosa. Lakini kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, kinachopaswa kuwa na ukuta laini kama leso, kilikuwa na ukuta kama blanketi lililolowa. Vipande vingine vilisogea alipovibonyeza. Hicho kilikaa kigumu mahali pake.

"Kisu?" mke wangu akauliza.

"Kwa hii ninayoiona, sioni cha kupasua. Nitamwandikia mwenzangu angoje."

Akatueleza bila haraka. Kuna ugonjwa ambao utumbo unavimba wenyewe na kujichoma, na watoto nao huupata. Kifua kikuu cha tumbo kinaweza kutoa picha kama ile, na dawa ya ugonjwa mmoja ni hatari kwa mwingine. Kwa hiyo kwanza wapime kifua, ngozi na choo, tena na tena. Picha ilikuwa imeonyesha mahali pa kutafuta, haikuwa imetoa jibu. Kisha akataja jina la ule ugonjwa wa kwanza kwa Kifaransa, na nikainamisha kichwa, kwa sababu lilikuwa kwenye herufi C. Nilikuwa nimelisoma. Kitabu kilisema ni ugonjwa wa vijana wa nchi za baridi, nami nikageuza ukurasa.

"Ni ugonjwa wa wazungu?" mama mkwe akaniuliza.

"Kitabu kinasema hivyo."

"Sukari imeshindwa kupita. Petroli imeshindwa kupita. Huo ugonjwa wa wazungu umepitia wapi?"

Daktari alicheka hata akaweka kifaa chini. Alisema kitabu changu ni cha zamani na yeye amewaona watoto wa hapa hapa wenye ugonjwa huo, na huenda wako wengine wengi waliozikwa kwa jina la nyoka. Hilo la mwisho halikumchekesha mtu.

Vipimo vya kifua kikuu havikuonyesha kitu, wala amiba haikuonekana. Daktari wa upasuaji aliinua picha dirishani, akaitazama kwa muda, akampa mgonjwa mwingine kile kitanda. Mtoto akaanzishiwa vidonge vya kupunguza uvimbe, na tukaonywa kuangalia homa na kikohozi. Siku ambazo barabara zilikuwa mbaya kwa vita hatukutoka; zilipokuwa nzuri tulirudi kliniki, daktari akabonyeza pale pale. Polepole lile blanketi likaanza kukonda. Hakutuahidi kupona. Alisema ugonjwa huu hulala na huamka, na kwamba kwa sasa umelala.

Vidonge vile, pamoja na mengine, huleta njaa. Jioni moja mtoto alimaliza maharage yake, akamaliza ya dada yake, akauliza kama chungu kina kitu. Mama mkwe akatoka mlangoni, akashika kiuno, akawageukia majirani.

"Huyu mutoto atatumaliza!" akapaza sauti. "Yoo! Maharage bei gani siku hizi, na huyu anakula kama askari! Tutafanya nini, jamani?"

Mke wangu akatoka, akasimama karibu naye, akalalamika kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayejisifu.