Nilimzimia Binti Yule Nyota Zake

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Morogoro, na nimemkosea mtoto wa watu. Usinionee huruma. Nisikilize tu.

Alikuwa kidato cha pili, binti wa Kiluguru anayeishi Bigwa na mama yake. Siku moja darasani alinyoosha mkono, akauliza kwa nini galaksi za mwanzo wa ulimwengu zilizaa nyota kwa kasi kubwa kuliko hii yetu. Alikuwa amesikia redioni.

Sikujua jibu. Ningesema sijui, ningepungukiwa nini? Nikacheka! Nikamwambia kila kitu huanza polepole, ulimwengu mchanga usingekuwa na nguvu hizo, asidanganywe na redio. Darasa zima likaangua kicheko, wakaanza kumwita Mama Nyota. Akakaa. Hakunyoosha mkono tena.

Mchana uleule nikatafuta kwenye simu. Mtoto alikuwa sahihi. Zama zile gesi ilikuwa tele, ikamiminika na kujikusanya, nyota zikawaka kwa fujo. Galaksi nyingine zimefunikwa na vumbi zito, wanasayansi wanazitambua kwa joto la vumbi hilo, kama makaa chini ya majivu. Nilisoma kwa furaha kabisa, halafu aibu ikanishika. Nikanyamaza.

Laiti ningekomea hapo! Mwisho wa mwaka, wanafunzi walipokuwa wakichagua masomo ya kidato cha tatu, mjomba wake alishuka kutoka milimani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Alinishika mkono kwa heshima ambayo sikuistahili.

"Mwalimu, mimi sikusoma," akasema. "Mtoto anataka fizikia. Ataiweza?"

Nikamwaza yule binti miaka miwili mingine mbele yangu, na maswali yake.

"Hapana, mzee wangu. Aiache."

Akanishukuru, jamani! Akaniachia na mkungu wa ndizi, nami nikaupeleka nyumbani tukala.

Sasa binti yuko kidato cha tatu, fizikia hasomi. Kila nikipita kwenye dirisha la darasa lao ananiamkia vizuri, na ile shikamoo yake inanichoma. Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikamwita, nikamweleza yote, la darasani na la mjomba wake. Alinisikiliza ameinamisha macho.

"Nilijua niko sahihi, mwalimu," akasema. "Na niliposikia mjomba anakuja kukuona, nilifurahi. Nilijua wewe utamwambia ukweli."

Jumamosi napanda mlimani kwa mjomba wake, nikaseme nilivyomdanganya. Akinifukuza ni haki yake. Hata akikubali binti arudie fizikia, wenzake darasani wameshakwenda mbali, sijui kama atawafikia.

Walimu wenzangu, mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie hujui. Mimi nililikwepa neno hilo moja, na aliyeachishwa fizikia ni yeye.