Mlango Ndani ya Ukuta Mweupe

Siku moja kabla vita haijaingia mtaani kwetu, nilikuwa napaka rangi madirisha ya nyumba kubwa kuliko zote nilizowahi kuingia Bukavu. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sikutulia mahali. Nilifanya kazi yoyote iliyonifungulia lango nisilolijua. Lango lile lilikuwa pana, la kupitisha gari la farasi, ingawa mjini hapakuwa na farasi. Nyumba ile Mbelgiji mmoja mwenye shamba la kahawa alikuwa amemjengea mkewe, Mfaransa wa ukoo wa kikabaila aliyelilia nyumba ya wazazi wake iliyoko Paris. Akaiga ile: lango barabarani, kisha ua wa mawe, kisha nyumba yenyewe imejitenga na kelele, na nyuma yake bustani inayoteremka hadi ziwani. Mpita njia aliona ukuta tu. Wakubwa wale hawakupenda kutazamwa.

Wenyewe walikuwa wameondoka zamani. Nyumba ilitunzwa na Mama Mapendo, mjane, ambaye baba yake alikuwa mpishi humo. Alilala chumba cha jikoni na binti yake Neema, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Kuta za sebule zilifunikwa mbao nyeupe zenye michirizi ya dhahabu. Kulia kwa meko ya kuotea moto kulikuwa na mlango, na kushoto mwingine wa kufanana nao kabisa. Wa kushoto haukufunguka. Nyuma yake yalikuwa matofali. Uliwekwa ili chumba kilingane pande zote. Jambo hilo lilinitia wazimu. Nikaacha brashi, nikaanza kugonga mbao zote, moja moja, nikisikiliza.

"Unabisha hodi kwa nani?" Mama Mapendo aliniuliza. "Wazungu walishakwenda, weye."

"Hapa ni patupu, Mama."

"Kichwa yako ndiyo iko tupu. Maliza madirisha."

Lakini alicheka. Akaja, akaingiza kucha kwenye mchirizi wa dhahabu, akavuta, na ukuta ukafunguka. Ulikuwa mlango usio na fremu wala kitasa. Nyuma yake ujia mwembamba ulikwenda jikoni na kutokea bustanini. Baba yake alipita humo na supu, kwa kuwa matajiri wale walitaka chakula kifike bila kumwona mtu akikileta. Kuufunga ndiyo ilikuwa kazi. Unyevu wa ziwa ulikuwa umevimbisha mbao, na kishikio cha ndani kiling'oka zamani. Ilibidi mtu ausukume akiwa sebuleni.

Asubuhi iliyofuata, nimerudi kumalizia madirisha, tulisikia risasi upande wa juu wa mji. Zikasogea. Majirani walikimbilia ziwani; sisi tulichelewa, tukasikia lango likivunjwa.

Ua wa mawe ulitupa muda. Buti zilisikika kabla ya watu kuonekana.

Mama Mapendo alifungua kitenge, akamtoa Neema mgongoni, akaniwekea mikononi.

"Ingia."

"Na weye?"

"Nani atafunga? Ingia."

Niliingia. Akasukuma. Niliutazama mstari wa mwanga ukipungua ubavuni mwa ubao, nikiomba usionekane upande wa pili.

Ukaisha.

Wenye bunduki walimuuliza wengine wako wapi. Wakaanza kuupiga ule mlango wa kushoto kwa vitako vya bunduki, hadi ukapasuka, wakakuta matofali. Mmoja alicheka.

Risasi ilikuwa moja.

Neema alikuwa ananyonya kidole. Nilimbeba hadi bustanini, tukashuka ziwani.

Nilimkabidhi kwa mama yake mdogo, nikaendelea kutangatanga: Kigali, Nairobi, na mwisho hapa London. Nina chumba Stratford, na kazi ya kupakia mizigo katika ghala moja la Hayes. Siku za mapumziko naenda kutazama nyumba za kale. Naona haya kusema kwamba nazipenda.

Mwaka huu Neema, ambaye naye sasa yuko London, alinipata kupitia watu wa kanisa lake la Peckham. Anatunza wazee. Mama yake mdogo amekufa, na picha zote ziliungua pamoja na ile nyumba ya Bukavu. Alikuja kwangu na keki na swali moja: mama yake alikuwa na sura gani. Nikamwambia anipe muda nifikiri. Badala ya kumjibu, nikampeleka makumbusho.

Kuna chumba kizima pale kilichotoka katika nyumba ya mkabaila wa Paris. Mwenyewe alikimbia mapinduzi ya Ufaransa, nyumba ikagawanywa, mwishowe ikabomolewa, na tajiri wa Kiingereza akanunua mbao za kuta. Nilimweleza Neema yote hayo. Nilimwonyesha mlango wa watumishi ulipo, nikaona fahari kuugundua upesi.

"Tonton," alisema, maana huko kwetu mjomba tunamwita hivyo. "Nimekuuliza mama yangu. Weye unanionyesha mbao."

Tuliketi kwenye benchi.

"Sura yake siioni, Neema. Nikifumba macho naona kila mchirizi wa dhahabu. Alikuwa akinisemesha, na mimi natazama ukuta. Hata mwisho nilikuwa natazama mlango."

Aliuvuta mkoba wake mapajani. Nilidhani atasimama aende zake.

"Basi niambie huo mlango," akasema.

Nikamwambia. Mbao zilikuwa nyeupe kote isipokuwa mahali pamoja, palipokuwa peusi kwa mafuta ya viganja. Hapo ndipo mama yake alipousukumia kuufunga, kila siku, akiingia sebuleni na ndoo na matambara yake. Nikasimama nikamwonyesha hewani: hapa, juu kidogo ya kiuno changu.

Neema naye akasimama. Aliweka kiganja pale nilipoonyesha, kisha akakirudisha mwilini mwake bila kukishusha. Kikafika tumboni, si kifuani ambapo mtu husukumia mlango.

"Alikuwa mfupi," akasema. "Mfupi kuliko mimi."

"Ndiyo. Alikuwa mfupi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehifadhi kitu. Mama yake alinipa miaka hii yote niliyoishi. Nami, katika yote niliyoyaona ndani ya nyumba ile, nilikuwa na kimo chake tu cha kumrudishia mwanawe.