Bustani ya Koko Nyuma ya Jiko

Sugua jani la mnyanya kati ya vidole vyako, kisha unuse. Ni harufu kali, chungu kidogo, inayong'ang'ania mkononi hata ukinawa kwa sabuni. Wengi hawaipendi. Mimi ikinifikia tu, niko Kasongo, enzi za Wabelgiji, nimechuchumaa nyuma ya jiko letu na magoti yamejaa udongo, na Koko ananiambia niache kunusa, nimwagilie maji.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba. Babu alipofariki, aliletwa kutoka Wamaza, kijijini upande wa Kabambare, akae nasi mjini. Alifika na furushi moja lililofungwa mafundo magumu, akaliweka karibu na mlango, akaketi juu ya mkeka, akakataa kulifungua. Alikula kidogo sana. Alisema mboga za sokoni zimelala. Kila mgeni aliyepita kwetu alimwuliza kama anaelekea Kabambare, ili amfuate nyuma. Baba akaanza kuogopa kwamba siku moja tutaamka tukute mkeka mtupu, naye yuko njiani kwa miguu, mzee yule, anarudi kwenye nyumba ambayo paa lake limeshaanguka.

Mama ndiye aliyepata wazo la bustani. Kati ya jiko na ua wa nyuma palikuwa na kipande cha ardhi kisicho na kazi, ambapo kuku wa jirani walikuja kuoga vumbi. Mama alisema mtu aliyelima maisha yake yote hawezi kukaa kutazama ukuta. Baba alikubali mara moja, na kwa kuwa alikuwa fundi cherehani, aliitengeneza bustani kama anavyotengeneza nguo. Alitoka na futikamba yake shingoni, akapima urefu, akapima upana, akachora mistari kwa fimbo, akarudi nyuma na kufumba jicho moja kama anayetazama kanzu ikivaliwa. Sisi watoto tulicheka mpaka Mama akatufukuza. Kisha akachomeka vijiti huku na huku, akavuta kamba ndefu kati yake, matuta yanyooke kama aliyoyaona kwenye bustani za Wazungu.

Koko alikuwa akitazama kutoka mkekani. Kamba ile iliponyooka, aliinuka. Alitembea polepole hadi pale, akang'oa kijiti cha kwanza, akang'oa cha pili, akaikunja kamba yote mkononi mwake na kumrudishia mwanawe.

"Hii kamba, hapana," alisema.

Baba alishika kamba yake kama mtoto aliyekatazwa. Mwishowe akamwuliza kwa upole, "Basi weye Mama, unapenda tupande nini?"

Koko aligeuka na kuingia ndani. Tulidhani amekasirika. Mama alimtupia Baba jicho. Lakini tulipochungulia mlangoni, tulimkuta amepiga magoti mbele ya furushi lake, anayafungua mafundo kwa meno. Ndani, katikati ya nguo, mlikuwa na vifurushi vidogo vya vitambaa: mbegu za maboga, mchicha wa lengalenga, nyanya, ngogwe chungu, na karanga nyekundu zilizobaki na maganda yake.

Tangu siku hiyo aliyekuwa bwana wa nyumba si Baba tena. Koko alipanda kila kitu pamoja. Alitoboa shimo kwa kisigino, akadondosha mbegu, akafukia kwa vidole vya mguu, akasogea popote alipopenda. Mama alijaribu kusema maboga yataifunika lengalenga, akajibiwa kwamba mboga hazigombani kama watu. Mimi nilipewa kazi ya kufukuza kuku, na nilijiona mkubwa kama askari. Mvua zilipokuja, nyuma ya jiko palijaa majani mpaka ukawa hujui mguu uuweke wapi. Koko alianza kula. Hakumwuliza tena mtu habari za Kabambare.

Hofu yetu ikawa mtu wa usafi. Alikuwa mtu mweusi mwenzetu, mwenye kaptula ya kaki na kofia ngumu, aliyetumwa na serikali kukagua nyua kwa sababu ya mbu na nyoka. Aliyekutwa na majani marefu aliweza kupelekwa kufyeka barabara. Alipoingia kwetu, maboga yalikuwa yameshapanda ukuta. Aliuliza nani amepanda pori hili. Baba, mkono ukiwa bado na sindano, akasema ni yeye.

Koko alitoka jikoni akasimama katikati ya majani, mikono kiunoni. Hata leo namwona.

"Hapana. Ni mimi," alisema. "Hii iko shamba yangu. Hakuna mutu alinituma."

Mtu wa usafi hakumkamata mtu. Labda alikumbuka mama yake, sijui. Aliamuru tu kwamba maboga yaondolewe ukutani. Koko alitii: aliyaondoa ukutani, akayapandisha juu ya paa la jiko. Yule bwana aliporudi, aliinua macho, akayaona maboga yamelala kule juu kama paka juani, akacheka mpaka kofia ikamtoka. Juu ya mapaa hakuwa na amri yoyote. Aliondoka na kofia yake imejaa ngogwe.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipofika Wamaza kumtembelea shangazi yangu, binti wa Koko. Tulipita penye mashamba yaliyorudi kuwa pori, akaniambia kwamba pale ndipo walipolimishwa pamba kwa amri ya serikali. Mkaguzi alikuja na kamba, akampimia kila mtu sehemu yake, na mistari ilipaswa kunyooka. Mwaka mmoja Koko alipanda karanga zake katikati ya pamba, nazo zikang'olewa zote mbele ya watoto wake. Nikasimama pale njiani, nikaelewa kwa nini kamba ya Baba haikukaa, na kwa nini swali lake dogo, kwamba anapenda tupande nini, lilimfanya mama yake akimbilie ndani. Sisi tulidhani tunampa mzee kazi ya kupitisha siku.

Shangazi alitaka nimweleze bustani yote, kila mmea, hata kuku. Nikamweleza, tukacheka sana. Nikamwambia pia jinsi Koko alivyokuwa akiimba akipalilia, kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, kwa sauti kubwa, mpaka majirani wakawa wanamwitikia kutoka upande wa pili wa ua.

Shangazi akaacha kucheka.

"Alikuwa anaimba?" aliuliza. "Nililima naye tangu utoto wangu. Sijamusikia akiimba hata siku moja."