Bunduki ya Mitutu Miwili

Bunduki ya kwanza niliyochagua maishani ilikuwa ya mbao na haikuwahi kuua hata panya. Lakini ilinichukua siku nyingi, kwa sababu niliitaka sana kazi iliyokuja nayo.

Kuna kikundi cha maigizo kinachofanya mazoezi katika ukumbi wa mtaa wetu. Nilikuwa nikienda kukaa viti vya nyuma, sisemi kitu. Siku moja madam, yule mama anayekiongoza, aliniona nikikaza mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Akaniuliza kama ninaweza kutengeneza vitu vya jukwaani. Walikuwa na mchezo kuhusu mwindaji wa zile siku ambazo watu waliruhusiwa kupiga nyati na ndovu nchini, na mwindaji hakuwa na bunduki. Alisema nikiweza kumtengenezea nzuri kufikia Jumamosi ya pili, nitakuwa fundi wa kikundi. Niliitikia kwa kichwa. Tangu nimalize darasa la nane nilikuwa nikipakua magunia kwenye maghala ya Industrial Area, na huko hakuna aliyewahi kuniuliza ninaweza nini.

Nikaokota mbao za paleti, nikaanza kuchonga bunduki ninayoijua. Ni ile ya polisi, yenye mkanda na kisanduku cha risasi kilichopinda. Sikujua kuna nyingine. Vijana wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walipita wakinicheka, wakaniuliza jeshi limeanza lini kuchukua watu wanaoogopa kusalimia.

Siku ya tatu mama yangu alirudi na mboga zake kutoka soko la Muthurwa. Alisimama mlangoni akiitazama bunduki kabla hata ya kutua mzigo.

"Utaifikisha vipi ukumbini?"

Nikasema nitaitia kwenye gunia.

"Na polisi wakikusimamisha wakuulize gunia lina nini, utajibu saa ngapi? Wewe?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Mtaani kwetu, kijana akionekana na kitu chenye umbo lile, risasi huja kwanza, maswali baadaye. Mama hakuniambia niache. Aliniambia nimwone mzee wa chumba cha mwisho, Mkamba anayelinda godauni, ambaye katika ujana wake aliwabebea wawindaji bunduki porini.

Nilimpelekea nikiwa nimeifunga kwa leso ya mama. Mzee aliifungua, akacheka mpaka akakohoa.

"Hii ni ya kupiga watu, kijana. Nyati anataka yake."

Akanieleza jinsi wawindaji wa kigeni walivyochagua bunduki. Aliyekuja kuwinda mara ya kwanza alitaka kubwa kuliko zote, kwa sababu ya mlio wake. Akipiga mara moja bega linavimba, na mara ya pili anafumba macho kabla ya kufyatua. Anayefumba macho humjeruhi nyati tu, na nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani.

"Na wa kwanza kumfuata huko," alisema, "ni mimi."

Nilikuwa na picha mbili kwenye simu, moja ya bunduki ndefu yenye komeo la kuvuta kila ukishapiga, nyingine ya mitutu miwili. Mzee hakuziangalia kwanza. Alinipa ufagio, akaniambia nifumbe macho, niuinue begani, kisha nifumbue. Nilikuwa nimeelekeza ncha kwenye dari. Akasema bunduki inayokufaa hufika yenyewe mbele ya jicho, na isipofika, ni ya mtu mwingine. Kisha akaniuliza nani ataibeba jukwaani. Sikujua. Nilikuwa nimeona haya kuuliza.

Nikamwuliza yeye angechagua ipi. Alionyesha ya mitutu miwili bila kufikiri. Ina risasi mbili papo hapo, hushughuliki na komeo nyati akiwa anakuja.

"Halafu inatoka vipande viwili," alisema. "Sisi tuliibeba hivyo, kitako huku, mitutu kule."

Nikakumbuka swali la mama. Mitutu peke yake ni mabomba tu. Kitako peke yake ni mbao.

Ile ya kwanza mama aliifanya kuni za kupikia maharagwe. Kesho yake nilienda ukumbini, nikauliza mwindaji ni nani. Alikuwa kijana mfupi kuliko mimi, mchangamfu, akaniachia nimpime mkono na bega kwa kamba huku akilalamika kwamba anatekenywa. Kitako nilikichonga kwa kipande cha mvule nilichopewa na fundi wa makochi, nikakipiga msasa mpaka kikawa laini kama sabuni. Mitutu ilikuwa mabomba ya maji ya plastiki, nikayapaka rangi nyeusi. Katikati nikaweka bawaba ya dirisha yenye pini ya kuchomoa.

Jumamosi mama alibeba mabomba na mimi kitako. Karibu na kona ya ukumbi askari wawili walitusimamisha, mmoja akagusa mfuko wangu. Mama alifungua mdomo, lakini nilimtangulia.

"Ni mbao, afande. Nachonga vitu vya maigizo."

Alikitoa kitako, akapitisha kidole mahali palipong'aa, akauliza ni mti gani. Nikamwambia. Akakirudisha, tukapita. Mama alinishika kiwiko mpaka mlangoni.

Ukumbini niliunganisha vipande viwili, nikasukuma pini. Nilimwambia mwindaji afumbe macho, ainue, afumbue. Alikaa hivyo kidogo, shavu kwenye mvule.

"Imefika kwa jicho," alisema polepole. "Sijaisogeza hata kidogo."

Madam aliizunguka, akaikunja katikati, akaifunga tena. Kisha akaniuliza kama ninaweza kutengeneza kichwa cha nyati. Nilimwambia naweza, na nikamwuliza kitavaliwa na nani.