Maembe Ndani ya Tangi la Gesi

Mama alikuwa mpishi wa uji wa watoto wa chekechea katika kijiji chetu cha ujamaa, kando ya reli ya kwenda Kaliua. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima kwa moshi wa kuni. Fundi alipokuja kutoka Tabora mjini, akachimba shimo nyuma ya jiko, akalijengea kwa matofali na kulifunika kwa pipa kubwa la chuma liwe tangi la kutoa gesi ya kupikia kutokana na samadi, mimi ndiye niliyejitolea kulihudumia. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikupenda mikutano. Kukoroga samadi na makombo bila kuongea na mtu kulinifaa.

Fundi aliniambia tangi ni kama tumbo. Ndoo moja ya samadi asubuhi, basi; ukilishibisha kupita kiasi, linachacha.

Baada ya wiki kadhaa pipa liliinuka kwa gesi. Mama akawasha kiberiti kwenye mdomo wa bomba lililoingia jikoni, moto wa buluu ukashika. Alichuchumaa akiutazama.

"Na moshi wake uko wapi?"

"Hauna, mama."

Akacheka mpaka akakohoa.

Kisha msimu wa maembe ukaingia. Njia ya zamani ya misafara imejaa miembe, na msimu ukikolea maembe hukosa mlaji, mtu anatembea akiteleza. Mwenyekiti wa kijiji hakuvumilia kuyaona yakioza. Akaitisha mkutano, akatangaza kila nyumba ilete maembe tangini.

"Ndugu zangu, kama ndoo moja inapika uji, mikokoteni je?"

Nikanyoosha mkono. "Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema."

"Fundi alisema kidogo kidogo."

"Fundi hajayaona maembe yetu!"

Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa na maneno mengine, lakini yalinijia nimeshafika nyumbani.

Walimwaga maembe kutwa nzima, wakiimba. Siku chache baadaye pipa likashuka, moto ukafa. Tangi lilinuka kama pombe iliyolala. Mzee mmoja akapita, akanusa.

"Kijana, hiyo gesi yenu mnaiuza kwa kata, kama pombe?"

Nilimwendea Mwenyekiti kumwomba watu wa kulipakua tangi, tuanze upya kwa samadi. Akasema mvua zimeanza, watu wote wako shamba la kijiji.

"Na tangi lenyewe bovu," akaongeza. "Tumelilisha, halitaki kazi."

Nikarudi tangini. Wa kulijaza walikuja kijiji kizima. Wa kulipakua hakuwepo hata mmoja.

Nikaanza peke yangu, kwa ndoo ile ile. Uchachu ulikuwa mkali, na nilivyochota haikuonekana kama napunguza kitu. Mama akaniita kutoka jikoni.

"Acha hiyo, mwanangu. Uji umechelewa. Nipasulie kuni."

Kuni zilikuwa zimelowa. Nikapasua. Mama akapuliza, akafuta macho kwa pindo la kanga, akapuliza tena, na nje watoto wakaanza kugonga vikombe.